Siku Mzee Mulinge Alipoweka Spana Chini

Miaka yote ambayo Mulinge aliendesha malori kati ya Mombasa na Nairobi, hakuna gurudumu lililowahi kumchomoka njiani. Madereva wenzake waliokuwa wakilala naye safarini huko Mtito Andei walimcheka kwa sababu ya jambo hilo. Wao wakishuka tu walikimbilia nyama na kitanda. Yeye alianza kulizunguka lori, spana mkononi, akiijaribu nati moja baada ya nyingine, na asipoisikia ikigoma hakwenda kula. "Huyu ameoa magurudumu," walisema. Mulinge hakubishana nao. Baadhi yao alikuja kuwazika.

Alipostaafu alirudi nyumbani kwake Matinyani, kwa mkewe Kaluki, akalima ndengu na kunde na kuwa mtu wa kanisa. Ila magari hayakumwacha. Jirani akipata pancha alipitia kwake, na pasta akitaka kusafiri alipitia kwake. Na gari ambalo Mulinge alilitazama kuliko yote lilikuwa la Mutanu, kitinda mimba wake, aliyekuwa afisa wa kilimo katika mji wa Wote. Lilikuwa gari dogo jeupe, la kwanza kununuliwa katika ukoo mzima, na mzee alilipenda kama mjukuu.

Mutanu alikuja nyumbani kila alipopata nafasi, na bintiye Mbithe, mtoto wa darasa la pili. Kabla ya kuondoka ilimbidi angoje baba yake alikague gari. Kungoja kwenyewe kulimchosha. Alikuwa mtu wa haraka, wa kula amesimama.

"Na wewe ujifunze," mzee alimwambia kila mara, akiwa amechuchumaa kando ya gurudumu. "Ukikaza hii, usiende kwa hii jirani yake. Ruka, uende kwa ile inaangaliana nayo. Ukizifuata mstari, tairi inakaa upande na wewe hujui. Halafu gari ikiwa juu ya jeki usiseme umemaliza. Teremsha, ikanyage chini vizuri, ndio ukaze ya mwisho."

"Baba, na mafundi wote wameisha?"

"Fundi hatakuwa ndani na wewe."

Mutanu alicheka na kutazama simu yake.

Jumamosi ile alifika akiwa na gurudumu la nyuma lililokuwa likipungua upepo. Kufikia asubuhi iliyofuata lilikuwa limelala chini kabisa. Mulinge alifurahi, kama mtu aliyeitwa kazini. Alivua koti la kanisani, akakunja mikono ya shati na kwenda kutafuta jeki ghalani, ingawa jeki ilikuwa ndani ya gari siku zote, na yeye ndiye aliyeiweka hapo. Kaluki alimfuata upesi, akamshika mkono na kumrudisha. "Iko kwa buti, baba Mutanu," alisema kwa sauti ya chini. Asubuhi hiyohiyo mzee alikuwa amemwita Mutanu kwa jina la Mumbua, dada yake mwenyewe aliyefariki zamani. Kaluki alikuwa amedakia na kusema, "Wanafanana sana, hata mimi huwachanganya," na wote wakacheka. Mutanu naye alicheka. Hakuna aliyeuliza zaidi.

Mulinge aliinua gari, akalitoa gurudumu bovu, akapachika lile la akiba. Alizungusha nati kwa vidole mpaka zikakaa, akazibana kidogo kwa spana, kisha akateremsha jeki. Lililobaki lilikuwa lile jambo alilolihubiri miaka yote: kuzikaza nati kwa mara ya mwisho gari likiwa limesimama ardhini.

Hapo pasta na mkewe wakaingia uani kusalimia. Kaluki aliwakaribisha ndani, na Mutanu akatoka kumwita baba yake.

"Baba, kuja chai. Pasta anakungoja."

"Nakuja. Nimalize kidogo."

"Si imeshaingia hiyo? Kuja bwana, chai inapoa. Na mimi nataka kuondoka mapema."

Mzee aliitazama spana, akalitazama gurudumu, kisha akamtazama binti yake. Aliweka spana chini, akanawa mikono, akaingia. Pasta aliomba kwa muda mrefu, wakanywa chai, wakazungumza habari za mavuno. Mulinge alipotoka tena aliokota vifaa vyake kimoja kimoja, akavipangusa kwa kitambaa na kuvipanga ndani ya buti, kama afanyavyo mtu aliyemaliza kazi. Kisha aliligonga paa la gari kwa kiganja.

"Sasa liko sawa," alisema. "Endesha pole pole."

Mutanu alipitia njia ya Kanyangi ili avuke kuingia Makueni kurudi Wote. Walipokaribia soko la Kanyangi alianza kusikia sehemu ya nyuma ya gari ikigonga, ko, ko, ko, na usukani ukatetemeka kidogo. Alidhani ni barabara. Aliongeza sauti ya redio, kwa kuwa Mbithe alikuwa akiimba nyuma. Walipopita soko na kuanza kuteremka, gari liliinama upande mmoja kama mtu aliyekanyaga shimo, pakatokea mlio wa chuma kikikwaruza lami, na Mutanu akaliona gurudumu likimpita dirishani, peke yake, likidunda kuelekea shamba la watu. Alikanyaga breki. Gari lilizunguka na kuingia mtaroni.

Redio iliendelea. Mbithe hakuwa akiimba tena.

Watu wa soko walikuja mbio. Wa kwanza kumfikia mtoto alikuwa Esha, mwanamke muuza nguo aliyekuwa na kibanda pale barabarani. Alimtoa Mbithe taratibu, akamwona jinsi alivyoushika mkono wake kifuani na jinsi mfupa ulivyokuwa umekaa vibaya, akaufunga kwa leso yake mwenyewe. "Nyamaza mwanangu, nyamaza, uko na mama," alimwambia, na alipomwona Mutanu bado ameushika usukani, akamwambia na yeye vivyo hivyo.

Kijana mmoja aliyerudi na gurudumu kutoka shambani aliinama kutazama pale lilipochomokea. "Hizi nati hazikukazwa, dada," alisema. "Zimejifungua zenyewe. Nani alikuwekea hii tairi?"

Mutanu aligeuka kumtazama Mbithe. Lakini jina lilikuwa limeshamjia, na pamoja na jina zikaja hasira ambazo hakuwahi kuzijua ndani yake.

Mulinge na Kaluki walifika hospitali ya Kitui wakiwa bado katika nguo za ibada. Mbithe alikuwa amelala, mkono umefungwa plasta mpaka begani, na uso umevimba upande mmoja. Mzee alisimama mlangoni, kofia mkononi, akimtazama mtoto.

"Ingia, Baba," Mutanu alisema. "Ingia uone kazi yako."

"Mutanu," mama yake alisema.

"Hapana, Mwaitu, wacha aone. Kila siku anatusimamisha kwa jua atuonyeshe vile nati zinakazwa. Kila siku! Na yeye mwenyewe ameacha nati wazi na kuniambia gari liko sawa." Wagonjwa wa vitanda vingine waligeuka. Aliwaona wakigeuka, na hakunyamaza. "Ungemuua mtoto wangu. Wewe ni dereva wa aina gani?"

"Nilikaza," mzee alisema. Kisha macho yake yakaanza kutafuta kitu sakafuni. "Nilikaza... Nafikiri nilikaza."

"Hukukaza! Usiwahi kugusa gari langu tena. Na la mtu mwingine pia, kabla hujaua watu."

Mulinge alivaa kofia yake, akaivua tena. Alitaka kumsogelea mtoto lakini hakuthubutu kupita alipokaa binti yake. Mwishowe aligeuka, akatoka. Kaluki alibaki amesimama kati ya kitanda na mlango. Alitaka kumfuata mumewe na alitaka kubaki, na ilimchukua muda kuchagua.

Kule nje kwenye veranda, kabla hajamfuata mzee, aligeuka na kumwita Mutanu kwa mkono.

"Ni wewe ulimwita chai," alisema.

"Nini?"

"Alisema umngoje amalize. Nilimsikia nikiwa jikoni. Ukasema imeshaingia." Kaluki hakuwa na hasira, alisema kama anayetua mzigo. "Na mimi nina makosa yangu. Baba yako siku hizi ukimkatiza kitu hawezi kukirudia. Anaona kimeisha. Anaacha ng'ombe amekamuliwa nusu. Jana ametia chumvi kwa chai. Nimekuwa nikificha nikifikiri ni uzee tu, nikifikiri mkijua mtamdharau."

Mutanu aliegemea ukuta. Alikumbuka baba yake akilitazama gurudumu, akimtazama yeye, kisha akiiweka spana chini. Hakuwa amezembea. Alikuwa ameitwa, akatii.

Angeweza kumkimbilia baba yake wakati ule. Wazee wale walikuwa hawajafika hata geti. Aliwaona wakitembea taratibu, mama yake ameshika mkono wa baba yake. Lakini alisikia Mbithe akilia ndani, akarudi kwa mtoto, akajiambia kwamba atazungumza na baba yake mambo yakitulia. Ulimi wake ulikuwa na mbio za kuumiza. Kwa kuomba msamaha ulijivuta.

Mambo hayakutulia haraka. Kulikuwa na gari la kutengeneza, mtoto wa kurudisha hospitalini mara kwa mara, kazi iliyolundikana ofisini. Alimpigia mama yake simu, na kila mara aliuliza, "Baba yuko?" na mama alijibu, "Yuko, ameketi." Siku moja mama alimwambia kwamba mzee alikuwa amempa Kivuva, fundi wa sokoni, vifaa vyake vyote, spana na jeki na kila kitu. Pasta alikuja kuomba amtazamie gari, mzee akaingia ndani na kujifungia chumbani.





Mutanu alipopata moyo wa kurudi Matinyani, ndengu zilikuwa zimeshavunwa na Mbithe alikuwa ametolewa plasta. Daktari wa Kitui alikuwa amekwisha kumwona mzee na kumpa ugonjwa wake jina. Kaluki alikuwa amelisahau jina lenyewe, ila alijua maana yake, kwamba mzee angezidi kusahau na ugonjwa hautarudi nyuma. Mutanu alikuwa amejipanga njia nzima. Aliyatafuta maneno, akayatamka kwa sauti ya chini ndani ya gari, akayabadilisha, akayarudia.

Alimkuta baba yake ameketi kwenye kiti uani, amevaa sweta joto likiwa kali. Mbithe alimkimbilia, akamkumbatia shingoni kwa mikono yote miwili.

"Babu!"

"Oi, mama," mzee alisema, akitabasamu. "Umekuwa mkubwa."

Mutanu alipiga magoti mbele yake vumbini, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu akiwa msichana. "Baba, nimekuja kukuomba msamaha."

"Msamaha wa nini?"

"Ya hospitali. Yale nilikuambia. Haikuwa makosa yako, Baba. Mimi ndio nilikuita kabla umalize. Nilikuwa na uchungu ya mtoto."

Mzee alimtazama kwa upole, kwa heshima ambayo mtu humpa mgeni anayemweleza shida zake. Alimgeukia Mbithe na kumkagua kwa macho. "Mtoto alikuwa mgonjwa?"

"Gari ilianguka, Baba. Huko Kanyangi. Mkono ukavunjika."

"Pole," Mulinge alisema. "Pole sana. Lakini amepona? Mungu ni mwema." Alimpigapiga Mutanu begani ili kumfariji. "Usilie. Amepona."

Hakukuwa na kitu cha kusamehe ambacho mzee angeweza kukishika mkononi. Mutanu alilia palepale kwenye magoti ya baba yake, na mzee akaendelea kumpigapiga bega, akimwambia pole kwa ajili ya jambo asilolijua.

Alipopata nguvu ya kusimama, alifikiri bado iko njia nyingine. Alikwenda kwenye gari, akachukua spana mpya, akamletea. "Baba, kuja unitazamie tairi. Sitaki kuondoka kabla uangalie."

Mulinge aliiona spana, na uso wake ukabadilika. Alirudisha mikono nyuma, akaificha mgongoni kama mtoto aliyekutwa na sukari.

"Hapana. Mimi sigusi."

"Ni gari langu, Baba. Nakuomba mimi."

"Sigusi gari ya watu."

"Kwa nini?"

Alifikiri sana. Mutanu alimwona akitafuta, akienda mbali na kurudi mikono mitupu. "Sijui," mzee alisema mwishowe. "Nilikataliwa. Kuna kitu kibaya nilifanya." Akamtazama binti yake kwa hofu. "Wewe unajua ni nini?"

"Hakuna kitu ulifanya, Baba."

"Kuna," alisema Mulinge. "Kuna kitu."

Kaluki aliyekuwa mlangoni aliingia ndani. Mutanu alisimama na spana yake mpaka alipomwona mzee akijivuta nyuma kitini, ndipo akairudisha kwenye buti na kulifunga. Alichukua kigoda, akaketi kando ya baba yake. Mbithe alikuwa akiwakimbiza kuku. Alingoja mpaka mikono ile ikatoka mafichoni, mmoja kisha wa pili, ikatulia juu ya magoti.

"Huko kwenu Wote," mzee aliuliza, kwa sauti ya kuzungumza na mgeni, "mvua imenyesha?"

"Kidogo tu, Baba."

"Ndio hivyo," alisema. "Itakuja."