Kontena la Mama Mkwe

Festus angeweza kurekebisha kompyuta ya mtu yeyote mjini Machakos, isipokuwa moja: ya mama mkwe wake.

Munyiva alikuwa mwalimu wa hesabu aliyestaafu. Alipochoka kukaa bure nyumbani kwake Kathiani, alijifunza kuandika programu, na akaipenda kazi hiyo kuliko kupalilia maharagwe. Bintiye Katunge na mumewe Festus walikuwa wakitengeneza programu ya wauzaji wa mifugo, na kazi ilikuwa imewaelemea. Katunge akamwita mamake aje kwao Mumbuni awasaidie. Asubuhi ileile mama alipofika, Katunge akambeba mtoto wao, Kalekye, akaenda Mwala na Hashi, mteja wao mkubwa, kuona jinsi mbuzi wanavyopimwa uzito.

Festus akabaki na mkwewe, peke yao nyumba nzima.

Sasa, Ukambani kuna nthoni, ile heshima inayomweka mkwe mbali na mama mkwe. Vijana wengi wameilegeza, lakini Festus alilelewa na nyanya yake, na tangu aoe hakuwahi hata kumpa Munyiva mkono. Na kumwekea mtu programu ni kazi ya bega kwa bega. Unamwinamia, unashika kipanya chake, unabonyeza hapa, unafuta pale. Basi yeye akakaa sebuleni, mama mkwe akakaa kwenye meza ya kulia, pazia likawa katikati, naye akaanza kumwelekeza kwa sauti.

Mambo yalienda mrama mapema. Kompyuta ya Munyiva ilikataa kwa sababu toleo lake la lugha ya programu lilikuwa jipya mno. Festus akamwambia aweke la zamani. Akaweka, na sasa kikakosekana kitu kingine. Wakaongeza hifadhidata, nayo ikaleta makosa yake. Kufikia saa ya chakula, kompyuta ya mama ilikuwa imejaa vitu kama stoo, na programu bado haijafunguka hata mara moja.

"Baba Kalekye," Munyiva akasema kwa upole kutoka upande wa pili, "kwako inafunguka, kwangu inakataa. Kuna kitu kiko kwa mashine yako na hujaniambia."

Festus alitaka kubisha, akaitazama mashine yake. Ni kweli. Kwa miaka yote hiyo alikuwa akirundika vitu kwenye kompyuta yake, kimoja leo kingine kesho, na hata yeye hakukumbuka nusu yake.

Ndipo akaamua kufanya jambo alilokuwa akiliahirisha siku nyingi: kutengeneza kontena, yaani kuifunga programu pamoja na kila kitu inachohitaji, toleo lake la lugha na hifadhidata yake, ili ifunguke vilevile kwenye mashine yoyote. Akaanza kuandika faili ya maelekezo. Alipojaribu, ikakwama, naye akakumbuka kitu alichosahau. Akakiongeza, ikakwama mbele kidogo. Kumbe hata saa za Kenya alikuwa ameziweka kwa mkono zamani. Aliona aibu kidogo, kisha akaanza kufurahia, kama mtu anayefagia chini ya kitanda na kukuta viatu vyake vilivyopotea.

Mwishowe likakubali. Intaneti ilikuwa ikijikokota, kwa hiyo akalitia kontena kwenye flashi, akaenda kuiweka pembeni mwa meza ya kulia huku macho yakiwa sakafuni, akarudi sebuleni. Akamtajia mama amri moja tu ya kuandika.

Mama akaiandika.

"Inasema mlango wa kupitishia data umeshikwa na programu nyingine," Munyiva akasema.

Festus akasimama. Alijua ingemchukua muda mfupi sana kulimaliza tatizo hilo akiwa na kibodi ile mkononi. Akafika kwenye pazia, akalishika, akasita.

"Usijisumbue," sauti ikamjia. "Ni ile hifadhidata tuliweka asubuhi, bado iko macho. Nimeizima."

Akasikia vidole vikiandika tena. Kisha Munyiva akacheka, kicheko cha chini cha mtu aliyeridhika. "Mbuzi wa Hashi wako hapa wote."

Katunge aliporudi jioni, mtoto amelala mgongoni, aliwakuta kila mmoja upande wake, wote wameinamia kazi. Alipomuuliza mumewe imekuwaje, Festus akamsimulia kwa sauti ya chini, hadi Katunge akalazimika kuziba mdomo asimwamshe mtoto kwa kicheko.

Hajamaliza kusimulia, ujumbe ukaingia kwenye kompyuta yake kutoka upande wa pili wa pazia. Munyiva alikuwa ameandika hivi: "Mbuzi akirudishwa sokoni, mstari huu unamhesabu mara mbili. Nimeurekebisha. Angalia kama ni sawa."

Festus akaangalia. Ilikuwa sawa kabisa. Akaupokea mstari ule na kumwandikia kama Wakamba wanavyomwita mama: "Asante, mwaitu."

Hajainua mkono, ukaingia ujumbe wa pili. Kisha wa tatu. Katunge akasoma juu ya bega lake, akatikisa kichwa, akaenda jikoni kupika chai.