Musalaba ku Kichwa ya Baba

Asubui ile mi nilipanda kilima ya nyuma ya Dilolo na hasira. Majani ilikuwa na umande, ikanilowesha kikwembe mpaka ku magoti. Kule chini ni Angola. Hapa juu analala baba yangu, muzee Kasimu, mwenye alivusha chumvi na samaki ku mupaka maisha yake yote. Njo yeye alituachia neno: "Munizike ku kilima. Musinitie simenti. Jibwe ku kichwa, jibwe ku miguu, inatosha." Siye Baislamu, tulifanya vile.

Sasa kampuni moja ya kuchimba madini ya manganeze inasema kilima iko tupu. Tupu! Na leo mashini yabo inapanda kufungua njia.

Nilipofika, jibwe ya kichwa ilikuwa imepakwa rangi nyekundu. Wallahi! Kijana wa kampuni, Dimitri, alisimama pale na vyombo vyake vya kupima udongo.

"Wee, nani alipaka baba yangu rangi?"

"Mama, hii ni borne, alama yetu ya kupimia. Nilikuta jibwe imesimama muzuri, nikaitumia. Kaburi iko wapi? Sioni simenti, sioni musalaba."

"Siye ni Baislamu! Hatuwekake musalaba!"

"Bon, tuchimbe kidogo, tuone kama mutu eko ndani."

Tuchimbe! Mutoto mwenye ningeweza kumuzaa ananiambia nimufukue baba ndiyo aamini! Nilimutukana mpaka akashuka mbio kutafuta chef wake, mukubwa wa kazi.

Lakini mashini ilikuwa inapanda tayari. Nililia, nilipunga mikono, dereva hakusimama. Basi nilivunja miti mbili, nikapasua kitambaa yangu ya kichwa, nikafunga musalaba, nikausimika pale pale ku jibwe. Machozi ilinitoka juu ya hasira.

Dereva, muzee Ntambwe, akazima moteri. Akashuka, akavua kofia, akafanya ishara ya musalaba.

"Pole sana, mama. Balituambia hapa hakuna mutu."

Akageuza mashini, akaenda zake.

Ile jibwe imesimama tangu nikiwa musichana, hakuna mwenye aliiheshimu. Miti mbili za kuokota, na palepale baba amekuwa mutu! Nilitaka kung'oa ule musalaba, mkono ikakataa. Kama batu ya kampuni banarudia kesho?

Nikauacha. Nikamusomea baba Fatiha, macho nimefumba, nisiuone.