Mkono wa Kushoto Juu

Bwana Sakaki aliigeuza picha kwenye kompyuta kwa kubonyeza mara moja tu, kisha akanywa chai yake. Shujaa aliyekuwa akitazama kulia sasa alitazama kushoto, uso kwa uso na joka la vichwa vitatu. Kazi ya wiki sita ya Chizuru, mchoraji wake, hiyo, imepinduliwa kama chapati.

"Sasa imekaa," alisema bosi. "Saa nane iwe kwa mchapaji."

Uso wa yule shujaa ulikuwa wa baba yake, Mzee Genpachi, aliyefundisha upanga miaka arobaini pale Osaka. Ndiye aliyesimama mbele yake na upanga wa mbao ili amchore, mkono wa kulia juu ya mpini, wa kushoto chini, mpaka magoti yakamtetemeka. Leo saa kumi alikuwa anapasuliwa moyo, na alikuwa ameahidiwa kuiona picha kabla hajaingia.

"Bosi, mikono imebadilishana. Hata mwenye shoto hashiki upanga hivyo."

"Joka lina vichwa vitatu, dada yangu. Nani atahangaika na mikono?"

"Na vazi je?"

Bosi akatazama. Upindo wa kulia wa kimono ulikuwa juu ya wa kushoto, na kwa Wajapani anayevikwa hivyo ni maiti. Bwana Sakaki akaweka kikombe chini.

"Hilo rekebisha," alisema. "Hilo tu."

Ilikuwa saa tano. Vazi lilitaka masaa matatu, mikono masaa matatu, na yaliyobaki yalikuwa hayo matatu. Mkataba nao ulisema picha ni mali ya kampuni, hivyo hakuweza kuizuia. Angeweza kumwonyesha baba ile ya mwanzo, lakini hii ya leo ingetundikwa kila stesheni ya treni, na hakuwahi kumdanganya mzee yule. Aachie lipi? Akashika vazi. Alichora huku analia, wala hakujificha.

Hospitalini mzee alivaa miwani, akaitazama picha kwa muda mrefu.

"Mkono wa kushoto juu," alisema. "Huyu, mwanangu, pigo la kwanza hamalizi."

"Waliigeuza, baba. Vazi likawa la maiti. Muda ulitosha kitu kimoja, nami nikataka uishi."

Manesi walikuwa wameshafika na kitanda cha magurudumu. Alipolazwa akaomba fimbo yake ya kutembelea, akaishika kwa mikono miwili, nayo ikakaa yenyewe kama siku zote, kulia juu, kushoto chini. Akaitazama mikono yake. Kisha akaibadilisha, taratibu, kidole baada ya kidole.

"Ovyo kabisa," alisema. "Haya, tutapigana hivi hivi."

Mlangoni mwa chumba cha upasuaji nesi alimwomba fimbo, na mkono wa kushoto ulikuwa bado uko juu.