Mama Muhuri na Shahada ya Kucheza

Vyuo vyote vilimjua kwa jina la Mama Muhuri, na yeye alijua kwamba wanamwita hivyo, ila alijitia hamnazo kwa sababu jina lenyewe lilimpendeza. Kwa miaka ishirini na sita alikuwa mkaguzi katika mamlaka inayotoa ithibati kwa vyuo, na siku asizosafiri alikaa dirishani kupiga muhuri vyeti vya watu. Bila muhuri wake, shahada yako ilikuwa karatasi ya kufungia karanga. Alishafunga chuo cha uuguzi kilichokuwa na vitanda viwili na mgonjwa mmoja wa kuazima. Alishazuia shahada ya ufugaji ambayo wanafunzi wake hawakuwahi kumwona ng'ombe ila kwenye picha, tena picha yenyewe ilikuwa ya nyati.

Kwa hiyo siku lilipomfikia faili la Shahada ya Kwanza ya Michezo ya Kompyuta na Tasnia Yake, alisoma kichwa cha habari mara mbili, akavua miwani, akaifuta, akasoma tena.

"Wanafundisha watoto wa watu kucheza," alimwambia katibu wake. "Miaka mitatu."

"Minne, mama," alisema katibu, mwanamume wa makamo, mpole, aliyefanya naye kazi miaka sita bila hata siku moja kumbishia. "Kuna mwaka wa mafunzo kazini."

"Kazini wapi?"

Katibu akafunua ukurasa. "Hapa wameandika 'ulimwenguni'."

Jumatatu asubuhi wakafunga safari. Makamu Mkuu wa Chuo aliwapokea getini akiwa na tai ya zambarau na maneno mengi kuliko muda uliokuwepo. Kabla hawajamaliza ngazi za kwanza walikuwa wameshasikia kwamba dunia inakwenda kasi, kwamba vijana ndio hao hao, na kwamba michezo ya kompyuta imeajiri watu wengi kuliko samaki walioko baharini.

"Nani aliwahesabu?" aliuliza Mama Muhuri.

"Wachezaji?"

"Samaki."

Makamu akacheka kicheko cha mtu asiyejua kama ametukanwa, akafungua mlango wa ukumbi.

Ukumbi ulikuwa wa kuvutia macho. Taa za zambarau zilipita darini kama nyoka, na chini yake palipangwa viti arobaini vikubwa vya kuegemea, vya aina ambayo ungedhani mtu akikaa kitapaa. Vyote vilikuwa bado ndani ya nailoni yake. Mbele ya kila kiti kulikuwa na kompyuta, na kwenye viti vitatu vya mbele waliketi wanafunzi watatu wenye makoti mapya ya chuo, hedifoni masikioni, wakibonyeza kibodi kwa bidii ya mtu anayekanda unga. Skrini zao zilikuwa nyeusi tii.

Mama Muhuri aliinama chini ya meza ya kwanza. Waya wa umeme ulikuwa umeviringishwa vizuri na kufungwa kwa ule mpira wake wa dukani. Akainuka, akamgusa mwanafunzi begani.

"Unashinda?"

Mwanafunzi alimtazama Makamu, kisha akamtazama yeye. "Tuko sare, mama."

Makamu alieleza kwamba umeme wa ukumbi utaunganishwa siku ya uzinduzi, na kwamba nailoni haiwezi kutolewa kabla mgeni rasmi hajaitoa mwenyewe mbele ya kamera. Mgeni rasmi alishaahirisha mara nne. Mpaka hapo ukumbi ulikuwa na mwaka na miezi miwili.

Mkuu wa idara alikuwa mhadhiri mrefu mwenye sura ya mtu aliyepanda gari lisilo lake. Mama Muhuri alimweka kitako katika ofisi yake, akaanza na mtaala. Kulikuwa na somo liitwalo Misingi ya Kubonyeza, likafuatiwa na Kubonyeza kwa Kina.

"Wewe unacheza michezo hii?"

"Hapana, mama. Mimi ni mtu wa takwimu za kilimo."

"Sasa huku umefikaje?"

"Nilikuwa likizo. Niliporudi nikakuta nimehamishiwa."

"Na Kubonyeza kwa Kina unafundishaje?"

Mhadhiri alitazama mlango kuhakikisha umefungwa. "Huwa nawaambia wanafunzi wajisomee," alisema, "na wao wananionea huruma, hawanisemi."

Mama Muhuri akafunga daftari. Kwa upande wake kazi ilikuwa imekwisha. Ripoti aliiona yote kichwani, fupi na tamu, na tayari alikuwa anachagua maneno ya kumzika nayo Makamu. Kilichobaki ni msala tu. Lakini vyoo vya ukumbi navyo vilikuwa vinamsubiri mgeni rasmi, kwa hiyo alielekezwa mabwenini, na katibu akamfuata nyuma na mkoba.

Alipotoka huko, alisikia kelele kutoka chumba cha kufulia. Mtu alikuwa akipiga ukelele, wengine wakimzomea, kisha wote wakaangua kicheko. Kazi ilishamfundisha kwamba chuo hukielewi mbele ya Makamu. Akasukuma mlango.

Ndani kulikuwa na vijana kumi na mmoja na joto la pasi. Kompyuta zao zilikuwa za kuokoteza, nyingine hazina mfuniko, zimepangwa juu ya meza za kunyooshea nguo, na waya zilipita juu ya kamba ileile iliyoanikiwa soksi. Ukutani kulikuwa na ratiba iliyoandikwa kwa mkono: nani anafanya mazoezi saa ngapi, nani anatengeneza nini, nani zamu yake kufagia. Hakuna aliyekaa kwenye kiti. Walikaa kwenye ndoo zilizopinduliwa.

"Hodi," alisema Mama Muhuri, akiwa ameshaingia.

Msichana mwenye kilemba cha rangi ya chungwa aligeuka, na uso wake ukabadilika kama mtu aliyemwagiwa maji. Wenzake walimwita Kapteni.

"Karibu, mama," alisema polepole.

"Nyinyi ndio wa hiyo shahada?"

"Ndiyo. Wale wa ukumbini ni wa idara ya muziki. Wameazimwa."

Mama Muhuri akataka kuonyeshwa kazi yao. Vijana walitazamana. Mmoja alisema mtambo umekwama, mwingine akasema mchezo wao bado haujaiva, na wa tatu akajaribu kufunika skrini kwa taulo. Hapo ndipo Mama Muhuri alipovuta ndoo, akakaa, akaliondoa taulo mwenyewe.

Mchezo uliitwa "Rudi Kesho". Mchezaji alikuwa mtu mdogo mwenye bahasha mkononi, na kazi yake ilikuwa moja tu: kupata muhuri kwenye cheti kabla dirisha halijafungwa. Rahisi, alidhani. Akashika kipanya.

Nyuma ya dirisha aliketi mwanamke mnene mwenye miwani ya mnyororo. Mtu wa bahasha alipomfikia, mwanamke alisema mwenye faili ametoka kidogo. Mama Muhuri akasubiri. Mwanamke akasema nakala ziwe tatu. Akaenda kutoa nakala, akarudi, akakuta foleni imerefuka. Alipofika tena, mwanamke akasema wino si wa rangi hii. Dirisha likafungwa, na skrini ikaandika: RUDI KESHO.

"Huyu mwanamke ana roho mbaya," alisema Mama Muhuri.

Vijana wakazitazama soksi kwenye kamba. Alicheza mara ya pili, akashindwa. Ya tatu alifika dirishani mapema, akiwa na nakala tatu na wino wa buluu, lakini mwanamke akamwambia faili lake halionekani. Nyuma ya yule mwanamke kulikuwa na kabati la chuma lenye mlango usiofunga vizuri. Juu ya kabati, rundo la mafaili, na juu ya mafaili, chupa ya chai nyekundu yenye maua meupe.

Mama Muhuri aliitazama ile chupa. Ya ofisini kwake, iliyofanana nayo kabisa, aliinunua yeye mwenyewe. Hata mfuniko ulikuwa umemeguka palepale ulipomeguka wa kwake.

"Katibu," alisema bila kugeuka. "Mimi nimewahi kumwambia mtu habari ya rangi ya wino?"

Katibu alikohoa, na kikohozi kilikuwa kirefu.

"Nimekuuliza."

"Mara kwa mara, mama."

"Haya, cheza wewe."

Katibu hakutaka, lakini alizoea kutii. Akakaa kwenye ndoo, akampeleka mtu wa bahasha moja kwa moja mpaka dirishani, na palipotokea orodha ya maneno ya kusema akaruka yote yaliyohusu cheti, akachagua la chini kabisa: "Mjukuu hajambo?" Mwanamke wa dirishani akatabasamu mpaka miwani ikapanda. Akainuka, akainua chupa, akatoa faili, akapiga muhuri. Nyota zikamwagika kwenye skrini nzima.

Soksi moja ilidondoka kutoka kwenye kamba na hakuna aliyeiokota.

"Umejuaje?" aliuliza Mama Muhuri.

"Kila mtu kwenye foleni anajua," alisema katibu. "Wanaambizana tangu getini."

Mama Muhuri alihisi masikio yanawaka. Alitaka kukasirika, akatafuta pa kuanzia, asipaone. Akamgeukia Kapteni.

"Wewe ulikuja ofisini kwangu."

"Mara kumi na moja," alisema Kapteni. Sauti ilikuwa ya adabu, lakini macho hakuyashusha. "Sekondari nilisomea nchi ambayo mama yangu alikuwa anafanya kazi, kwa hiyo cheti kilitakiwa kulinganishwa. Mara ya kumi na moja nilimsikia bwana mmoja mbele yangu anakuuliza habari za mjukuu. Nikauliza na mimi. Ukaniambia anatambaa, ukainua chupa, faili langu likawa hapo. Lakini vyuo vilikuwa vimeshafunga usajili. Nilikaa nyumbani mwaka mzima."

"Ulifanya nini mwaka mzima?"

"Nilijifunza kutengeneza michezo, mama. Sikuwa na kazi nyingine."

Mmoja wa vijana akaanza kucheka, akajiziba mdomo.

Mama Muhuri alivua miwani. Alijaribu kumkumbuka huyu binti kati ya nyuso zote za dirishani, na hakumkumbuka hata kidogo, na hilo ndilo lililomchoma kuliko wino na nakala.

"Mwaka huo siwezi kukurudishia," alisema.

"Najua."

"Nisamehe, mwanangu."

Kapteni alikuwa amejiandaa kwa mengi tangu mlango ulipofunguka, lakini si kwa hilo. "Sijui bado," alisema. "Lakini nashukuru kwa kusema."

Ndipo Makamu alipoingia mbio, tai imemkaa begani. Alikuwa amemtafuta mkaguzi chuo kizima. Alipoona skrini alielewa mara moja, maana na yeye aliwahi kupanga foleni pale dirishani.

"Mheshimiwa, mchezo huu chuo hakiutambui," alisema akihema. "Unafutwa leo hii. Na huyu binti tutamchukulia hatua."

"Umewahi kuucheza?" aliuliza Mama Muhuri.

"Siwezi kucheza upuuzi."

"Kaa hapo kwenye ndoo."

Makamu akakaa. Alishindwa mara tano. Mara ya sita alimtukana mwanamke wa dirishani kwa sauti, akakumbuka aliyesimama nyuma yake, akanyamaza.

"Umeona?" alisema Mama Muhuri. "Mtu mzima, profesa, umesahau hata kwamba uko chumba cha kufulia. Chuo chako chote nimekizunguka, na kinachofanya kazi ni hiki tu."

Ripoti aliiandika siku tatu, na haikuwa ile fupi na tamu. Shahada aliipa ithibati ya mwaka mmoja, kwa masharti. Nailoni itolewe, mgeni rasmi awepo asiwepo. Ufunguo wa ukumbi ukae kwa wanafunzi. Masomo ya Kubonyeza, la misingi na la kina, yote mawili yafutwe. Mtaalamu wa kilimo arudishwe kwenye kilimo chake, na nafasi yake ishikwe na mtu aliyewahi kutengeneza mchezo hata mmoja. Mwanafunzi yeyote asiguswe kwa sababu ya kazi yake ya darasani. Mwishoni aliongeza sentensi ambayo mkurugenzi wake aliisoma mara kadhaa kabla ya kumwita.

"Hapa umeandika kwamba mkaguzi ni sehemu ya kazi iliyokaguliwa. Maana yake nini?"

Mama Muhuri akamweleza yote, pamoja na mjukuu. Mkurugenzi alijaribu kutocheka, akashindwa, kisha akaacha kucheka mwenyewe, akasema ripoti ile itapitiwa na mkaguzi mwingine. Mama Muhuri akasema ndivyo inavyotakiwa. Mkaguzi wa pili alikwenda, akakaa kwenye ndoo saa tatu, akarudi na masharti yaleyale, na sharti moja zaidi: chumba cha kufulia kiwekewe viti.

Mwezi uliofuata vijana waliingia ukumbini, wakachana nailoni kwa mikono, wakacheza mashindano yao ya kwanza dhidi ya chuo kingine. Walichapwa vibaya. Makamu, aliyekuwa ameandaa hotuba ya ushindi, aliisoma hivyo hivyo.

Mama Muhuri hakuwepo. Alikuwa ofisini, amepanda kiti, anashusha mafaili kutoka juu ya kabati. Yalikuwa kumi na tisa. Katibu alijitolea kuwaandikia barua wenyewe, yeye akakataa, akavuta simu na kuanza kupiga namba mojamoja. Wengine walikata walipomtambua. Mmoja alimsomea kila alichokuwa amemwekea moyoni, na Mama Muhuri akasikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza, mkono umeshika meza.

Wa saba alikuwa mwanamke. Nyuma yake kulisikika kelele za watoto na mlango unaobamizwa.

"Cheti changu?" alisema. "Nilishakikatia tamaa. Kiko wapi?"

"Ninacho mkononi. Kimeshapigwa muhuri."

Yule mwanamke akamwambia mtu aliyekuwa karibu naye ashike mtoto.

"Usiondoke hapo," alisema. "Nakuja."