Filimbi ya Mama Pacha

Sebule ilikuwa haikanyagiki. Sakafuni ililala mifuko membamba ya turubai, na kati yake sufuria, madumu ya maji, tochi za kichwani, mchele, dengu, samaki wa kopo, na hema lililokunjuliwa likitoa harufu ya ukungu wa mwaka jana. Mama Pacha alikuwa amepiga magoti katikati ya vurugu hiyo, pini mdomoni, anamalizia kushona kamba ya mfuko wa mwisho. Mifuko yote aliishona yeye, maana cherehani ndiyo kazi yake. Kayaki ni mtumbwi mwembamba, mtu huchomekwa ndani kama mguu kwenye kiatu, na mizigo yake hupitishwa kwenye tundu dogo lenye mfuniko wa mpira. Mfuko mnene hauingii hapo hata uuombe radhi.

"Huo mfupi," alisema wifi yake, kwa sauti ya kumwita mtu aliye ng'ambo ya barabara.

Mama Pacha alijibu, pini zikiwa mdomoni vilevile, kwamba mfupi ni mfuko tu, ulimi wa mtu ni mrefu wa kutosha. Wifi hakujibu. Hata jicho hakugeuza. Alichukua mfuko mwingine, akaupigapiga kama anayechagua tikiti, akautupa kando.

Ndivyo alivyokuwa siku zote. Unamsemesha, anakuacha unaning'inia. Ukoo mzima ulimwita Mwalimu, kwanza kwa sababu alifundisha watoto wa shule kuogelea, na pili kwa sababu hakukuwa na mtu asiyemfundisha jambo, aombwe asiombwe. Mama Pacha aliolewa na mdogo wake, na tangu siku ya kwanza wawili hao walipatana kama ndimu na kidonda.

Baba Pacha, mume wa mmoja na mdogo wa mwingine, na kwa hiyo mtu asiye na raha popote, alikuwa kwenye kochi na mguu uliofungwa plasta hadi gotini. Alianguka kwenye ngazi za kazini. Badala ya kutulia kama mgonjwa mwenye adabu, alijiteua msimamizi, akawa anaelekeza kwa gongo.

"Vizito vikae karibu na kiti," alisema. "Maji, chakula. Nguo ziende ncha za mbele na nyuma. La sivyo mtumbwi unainua pua."

"Najua," alisema mke wake, akikubali kwa kichwa.

"Anajua nini huyu?" Mwalimu alimuuliza mdogo wake, kana kwamba Mama Pacha ni kiti. "Mwaka jana mtumbwi wake ulikuwa unakwenda kama bata aliyekunywa."

Mama Pacha alitema pini moja baada ya nyingine kwenye kiganja. Mwaka jana. Alijua tu litafika huko.

Mwaka jana walikwenda watatu, siku kadhaa za kupiga kafi ufuoni na kulala kwenye mahema. Utaratibu wao ulikuwa mwepesi: wa mbele anaangalia njia, wa katikati anamwangalia wa nyuma, na wa nyuma akizidiwa anapiga filimbi. Baba Pacha alikuwa mbele, Mwalimu katikati, Mama Pacha mkiani. Siku ya pili, wakiikaribia rasi yenye mawe, upepo ulichafuka. Mikono ya Mama Pacha ilikataa. Alipiga filimbi. Alipiga mpaka midomo ikapasuka na chumvi ikaingia kwenye mipasuko. Mbele yake aliona jaketi jekundu la Mwalimu, mgongo tu, ukienda, ukipungua, ukipinda jabali, ukapotea. Mgongo ule haukugeuka hata mara moja.

Upepo ulimtupa kwenye ufuo wa changarawe. Hema lilikuwa kwa Mwalimu, jiko kwa Mwalimu, kiberiti kwa Mwalimu. Alijikunja ndani ya kayaki akiwa amelowa chapachapa, akatetemeka mpaka kukapambazuka. Walipomkuta asubuhi, mume wake alilia. Mwalimu alimtazama tu, akasema, "Upo?"

Basi. Hakuna pole, hakuna samahani. Na baadaye ikawa mzaha. Kila ndugu walipokutana, Mwalimu aliweka sahani chini akaanza: "Mwulizeni wifi yangu alivyolala na kaa ufuoni!" Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Baba Pacha naye alicheka, akijificha nyuma ya kiganja, na Mama Pacha alikiona kiganja hicho kila mara.

Ndiyo maana mguu ulipovunjika na watu wakadhani safari imekufa, alisimama mbele ya wote akasema, "Tutakwenda mimi na Mwalimu." Asingekwenda, ile hadithi ya kaa ingemfuata mpaka kaburini. Lakini kuachwa tena, hapana. Hilo alikuwa amelipangia.

Walianza kubeba mizigo kwenda uani, kwenye maegesho ya magari, ambako kayaki mbili zilikuwa zimelazwa juu ya matairi chakavu. Mbwa wa jirani alikuwa amelala kivulini. Dirisha la sebule lilikuwa wazi, na Baba Pacha alikuwa amesogeza kochi ili asipitwe na kitu.

Mama Pacha alipakia kwa haraka na bila maneno. Turubai la hema akalitia kwenye mtumbwi wa Mwalimu, vyuma vya hema akavisukuma ndani kabisa kwenye mtumbwi wake. Jiko kwa Mwalimu, mitungi ya gesi kwake. Mchele kwa Mwalimu, sufuria kwake. Yaani mmoja akimkimbia mwenzake, atalala nje na mchele mbichi.

Mwalimu alisimama akatazama. Aliinama kwenye tundu moja, akahamia la pili, akanyooka polepole.

"Umegawanya hema."

"Vyuma vinaingia vizuri kwenye ncha yangu."

"Usinifanye mtoto. Umegawanya na jiko." Alitoa mtungi wa gesi akauinua juu kama ushahidi. "Unadhani nitakukimbia?"

"Sidhani. Nilishakuona."

"Kaka!" Mwalimu alipaza sauti kuelekea dirishani. "Mkeo ananipakia kama mwizi!"

"Pakieni tu, jamani," alisema Baba Pacha. "Uzito ukiwa sawa, mimi sina neno."

"Wewe lini uliwahi kuwa na neno?" alisema mke wake.

Mwalimu alijitupa kwenye mtumbwi wa Mama Pacha, akazamisha mkono mpaka begani, akavuta vyuma vya hema nje na nusu ya nguo za watu. Vilianguka kwenye sakafu ya saruji kwa kishindo. Mbwa aliinua kichwa.

"Hema linakaa pamoja," alisema. "Na linakaa kwangu. Mimi ndiye ninayejua bahari. Wewe unachojua ni kulala na kaa."

Damu ilimpanda Mama Pacha mpaka masikioni. Alimchukia mwanamke yule. Alimchukia wazi, bila kujionea haya, kuanzia sauti yake ya spika mbovu mpaka miguu yake mikubwa ya kuogelea. Mwalimu alikuwa ameshampa kisogo. Alichuchumaa kwenye mtumbwi wake mwenyewe, akaanza kubana mfuniko wa mpira, huku akiimba kwa mbali wimbo usio na maneno.

"Jaribuni na filimbi," Baba Pacha alisema kutoka dirishani, kwa upole wa mtu anayetaka kubadilisha mazungumzo. "Mara nyingine zinaziba kwa mchanga."

Vizuri sana, aliwaza Mama Pacha. Aliokota jaketi lake la kujiokolea. Filimbi ya rangi ya chungwa ilikuwa inaning'inia begani, ileile. Alisogea hatua chache nyuma ya kisogo kile, akajaza kifua hewa yote ya mwaka mzima, akapuliza.

Mbwa aliruka kama aliyemwagiwa maji moto, akapiga kona ya nyumba. Ghorofani mtoto mchanga aliangua kilio, na mwanamke mmoja akachungulia dirishani akiwa na uso wa kutukana.

Mwalimu aliendelea kubana mfuniko. Aliendelea kuimba.

Mama Pacha alishusha filimbi. Wazo la kwanza lilikuwa lilelile la siku zote: dharau. Ananidharau mpaka na hili. Lakini mtu mwenye dharau hujikaza, bega humpanda, shingo huwa ngumu. Yeye hupima mabega ya watu kila siku na futi ya kitambaa, na mabega yale yalikuwa yamelegea kabisa. Alipuliza tena, ndefu zaidi, mpaka macho yakamtoka.

Bega halikutikisika. Mwalimu alifuta mfuniko kwa kiganja, akainuka, na alipoinuka akamwona mwanamke wa ghorofani anawafokea. Alifuata macho ya yule mwanamke mpaka nyuma yake. Akamwona wifi yake amesimama, filimbi bado iko mdomoni.

Uso wake ulishuka. Mama Pacha hakuwahi kuuona uso ule hivyo, na hakupenda alichokiona.

"Husikii," alisema.

"Nasikia."

Mama Pacha aliziba mdomo kwa kiganja, kama anayejikuna pua, akasema, "Wewe ni mbuzi."

Mwalimu alikuwa anautazama mkono. Alikuwa anausubiri uondoke.

Pini, aliwaza Mama Pacha. Miaka yote hii, na pini mdomoni.

"Tangu lini?"

Mwalimu alitupa jicho dirishani. Baba Pacha alikuwa ameinamia simu yake. "Sauti nene nazisikia," alisema, na kwa mara ya kwanza alijaribu kusema chini, na hakuweza vizuri. "Kaka namsikia, akiwa karibu. Nyembamba ndizo zimeondoka. Ndege, kengele ya shule. Na hiyo." Alinyoosha kidevu kwenye filimbi. "Hiyo ni kama haipo."

"Mwaka jana je?"

"Mwaka jana sikuwa najua. Nilikuwa nasubiri filimbi. Nikajisemea, hajapiga, yuko salama. Wewe uliposema umepiga mpaka midomo ikapasuka, nikaitazama ile midomo. Ndiyo nikajua."

"Ukaniambia 'Upo?'"

"Ningekwambia nini? Nifundishe kuogelea huku siwasikii watoto? Nawaangalia, sifumbi jicho, sikai chini hata mara moja. Lakini mwalimu mkuu akijua, sina kazi. Daktari anataka niweke kidude sikioni, kama bibi kizee."

"Ukaona bora unifanye kichekesho cha watu."

"Wakikucheka wewe, hawaniulizi mimi."

Hapo Mama Pacha alitamani kumpiga. Mwaka mzima alikuwa amebeba chuki safi, nzima, yenye sababu, chuki ya mtu aliyesikia filimbi akaamua kutogeuka. Sasa ameporwa. Amepewa badala yake mwanamke mwoga mwenye masikio mabovu, na mtu kama huyo huwezi kumchukia kwa raha. Na palepale akakumbuka kitu ambacho masikio hayahusiki nacho.

"Macho unayo," alisema. Alitamka polepole, midomo wazi, kila neno likionekana. "Kazi ya wa katikati haikuwa kusikia. Ilikuwa kugeuka. Ungegeuza shingo mara moja tu, ungeniona."

Macho ya Mwalimu yalijaa maji, akayaacha yajae.

"Kweli," alisema. "Sikugeuka."

Lilikuwa neno dogo. Mama Pacha alikuwa amelisubiri mwaka mzima, na lilipofika hakujua pa kuliweka.

"Jamani!" Baba Pacha aliinua kichwa dirishani. "Huyo mtoto wa juu mnamwua kwa makelele. Filimbi inafanya kazi au haifanyi? Mwalimu, umeisikia?"

Mwalimu hakugeuka. Kutoka dirishani hata sauti ya kaka yake haikumfikia. Alibaki anautazama mdomo wa wifi yake, kama anayesubiri hukumu, na Mama Pacha alijua kwamba sentensi moja tu ingetosha. Jumapili ijayo ukoo mzima ungekuwa na kitu kipya cha kuchekea mezani, na hadithi ya kaa isingesimuliwa tena na mtu yeyote.

"Inafanya kazi!" alimjibu mumewe. "Tumeisikia wote."

Aliinama akaokota vyuma vya hema kimoja kimoja, akavirudisha kwenye mtumbwi wake, mbali kabisa, kule kwenye ncha. Mwalimu alivitazama vikipotea, na safari hii hakuvitoa.

"Hadithi ya kaa imekwisha leo," alisema Mama Pacha alipoinuka.

"Imekwisha."

"Tukirudi, unaweka hicho kidude. Usipoweka, nakwenda shuleni mwenyewe."

Mwalimu alitikisa kichwa kukubali.

"Na kesho natangulia mimi."

"Wewe?" Sauti ya zamani ilirudi yote, mpaka mtoto wa ghorofani akanyamaza kidogo kusikiliza. "Njia huijui! Unakwenda kombo! Utanipeleka kwenye mawe!"

"Utanipigia kelele kutoka nyuma. Kelele unazo, na masikio ninayo mimi." Mama Pacha alifungua filimbi kutoka kwenye jaketi lake, akaifunga kwenye jaketi jekundu la wifi yake, akaikaza kwa mafundo mawili kama anavyokaza vifungo vya makoti ya watu. "Ukizidiwa, piga. Mimi nitageuka."