Sare Nzima Mbele ya Hakimu

Fundi alikuwa na ugonjwa mmoja: hawezi kulala nyumba moja na nguo iliyochanika. Kwa hiyo siku ile binti yake, Kidoti, aliporudi kutoka shuleni bega la sare likining'inia kama ulimi wa mbwa na kola imelowa damu ya sikio, alimkimbiza hospitali kwanza. Waliporudi akailoweka sare, akaifua, akaishona, akaipiga pasi. Mikono ilijiendea yenyewe. Akili ilikuwa kwa mtoto.

Daktari alisema sikio la kushoto limekufa. Kilicholiua hawezi kukiapia. Kofi laweza, na maradhi ya zamani yaweza.

Kidoti alisema ni kofi. Mwalimu wa hesabu alimshika begani, akamvuta mpaka nguo ikaachia, akamzaba. Darasa zima liliona. Lakini wazazi wa darasa zima waliwafunga watoto wao midomo, maana mwalimu huyo ndiye aliyekuwa akifaulisha.

Fundi alimshtaki polisi. Wiki ya kwanza gazeti lilimwita mwalimu mnyama. Wiki ya pili wanafunzi wake wa zamani waliandamana na mabango, gazeti likamwita mlezi. Mwandishi alikuwa yule yule.

"Dada, futa kesi," kaka yake Fundi alimwambia. "Mwenzako ana wakili. Wewe una cherehani."

"Cherehani inanilisha. Wakili anakula tu."

"Haya. Sikio la kufa halisikii dawa, na wewe ni hilo hilo."

Mwendesha mashtaka alipouliza kama ile sare bado ipo, Fundi aliifikisha mahakamani imekunjwa vizuri, ndani ya mfuko safi. Mashahidi hawakuwepo. Ilibaki sare na neno la mtoto.

Wakili wa mwalimu aliikunjua, akaigeuza nje ndani.

"Mama, wewe ni fundi?"

"Ndiyo."

"Hodari?"

"Wateja wanarudi."

"Basi tuonyeshe palipochanika."

Fundi aliinama. Uzi alikuwa ameuchomoa kwenye pindo la sare ile ile ili rangi zisipishane, na sindano aliipitisha kwenye matundu ya zamani. Alipapasa bega kwa kidole, akapapasa tena.

"Hapa."

Hakimu alivaa miwani. "Mimi sioni kitu, mama."

"Huoni kwa sababu nimeshona vizuri, mheshimiwa."

Watu waliangua kicheko. Mwandishi wa gazeti alicheka huku akiandika.

"Na damu iko wapi?" wakili aliuliza.

"Nilifua."

"Kwa nini ulifua?"

Fundi alimtazama kama mtu anayeulizwa kwa nini anapumua. "Ilikuwa chafu."

Kidoti alipopanda kizimbani, wakili alikwenda kusimama upande wake wa kushoto, akauliza kwa sauti ya upole, ya chini kabisa. Mtoto alikaa kimya, akitazama mbele. Akaulizwa tena vile vile, akanyamaza tena.

"Hasikii upande huo!" Fundi alipiga kelele.

"Mama, kaa chini," hakimu alisema, "au utatoka nje."

Aliketi. Kesho yake gazeti liliandika kwamba mtoto alishindwa kujibu.

Hukumu haikuchukua muda. Ushahidi hautoshi, mwalimu yuko huru. Nje alibebwa juu juu kama bwana harusi. Fundi alizunguka shule zote za karibu kutafuta nafasi. Walimu wakuu walikuwa wamesoma gazeti. Kila mmoja alimwambia, kwa adabu, kwamba madarasa yamejaa.

Jumatatu alimsindikiza Kidoti kule kule. Njiani mtoto alisimama.

"Mama, labda hakunipiga."

"Alikupiga."

"Umejuaje? Hukuwepo."

 Fundi alikuwa amesema mbele ya polisi, mbele ya daktari, mbele ya hakimu. Hapa aliinama, akamnyoosha mtoto kola.

"Kila mtu anasema nilijiangusha," Kidoti aliendelea, taratibu, kama mtoto anayekariri jedwali la kuzidisha. "Labda nilijiangusha."

Mwalimu wa hesabu alikuwa getini, akipokea watoto. Kidoti aliinamisha kichwa.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Karibu. Yaliyopita yamepita."

Akamgeukia Fundi, akangoja. Wazazi wengine nao walisimama kutazama. Kidoti alikuwa na miaka miwili mbele yake katika darasa la mtu huyu, na wote pale walilijua hilo.

"Habari za asubuhi, mwalimu," Fundi alisema.

"Nzuri sana, mama," akajibu, akampisha mtoto apite.