Rangi ya Kuazima

Tone moja lilining'inia kwenye ncha ya bureti, ule mrija wa kupimia asidi, likavimba tumbo kama kupe aliyeshiba, kisha likaanguka. Dakta akaitikisa chupa iliyolikinga, akaitazama. Maji yalikuwa yaleyale. Au yalikuwa yameshageuka. Hakujua, na hapakuwa na mtu wa kumkoholea.



Wenzake walimwita Dakta kwa sababu kemia ya ubaoni aliisoma kama asomaye jina lake mwenyewe. Shida ilikuwa maabara. Machoni mwake, njano na rangi ya chungwa zilikuwa mapacha waliovaa sare moja. Miaka miwili hii ya mwisho alijificha nyuma ya kikohozi cha kijana waliyekaa naye meza moja. Asidi ikitonatona ndani ya chupa, njano ikigeuka chungwa, ishara kwamba imetosha, yule mwenzake hukohoa mara moja, na Dakta hufunga koki. Alikohoa hata darasa likambandika jina la Kifua. Mwalimu wa kemia akamwonea huruma, akampeleka zahanati. Kifua alirudi na dawa, akaisukuma mbele ya Dakta.

"Kunywa wewe. Ugonjwa wenyewe ni wako."

Aliyemfundisha kuficha ni mjomba wake. Naye macho yake yalikuwa hayohayo. Alikuwa fundi umeme mpaka siku alipomwambia bosi wake kwamba nyaya nyekundu na za kijani huzibahatisha.

"Sikuunguza nyumba ya mtu, mjomba. Nilifungua mdomo tu," alimwambia Dakta. "Sasa nauza mkaa. Mweusi, hauna mjadala. Wewe ulimi wako uweke ndani, meno yaulinde. Ukisema, umekwisha."

Asubuhi ya mtihani wa vitendo walipangwa makundi mawili mlangoni pa maabara. Dakta aliitwa kundi la kwanza. Kifua alibaki la pili, na hao wangefungiwa bwaloni, ng'ambo ya uwanja, wasije wakapewa habari na waliotangulia.

"Sasa itakuwaje?" Dakta alinong'ona.

"Omba Mungu." Kifua alijaribu kucheka, kicheko kikamkwama. "Au nikukoholee kutoka bwaloni?"

Sasa Dakta alikuwa peke yake na chupa yake. Akafungua koki tena. Tone. Akatikisa. Tone. Kila lililoanguka huenda ndilo lililokuwa limevuka mpaka, na asidi ikishavuka hairudi. Aliwaza kuchungulia meza ya jirani, lakini kuchungulia rangi usiyoiona kuna faida gani?

Nyuma yake msichana mmoja akakohoa.

Mkono wa Dakta ulifunga koki kabla akili haijauliza kitu. Moyo ukatulia, kama ulivyozoea kutulia miaka miwili. Akasoma kipimo, akashika kalamu. Ndipo alipogundua. Kile kilikuwa kikohozi cha vumbi tu. Kikohozi cha mtu asiyeijua shida yake.

Aliitazama namba kwenye bureti. Ilikuwa namba safi, isiyo na aibu, kama namba nyingine yoyote. Angeiandika, nani angejua? Mama yake alikuwa ameshawatangazia majirani kwamba mwanawe atakuwa mfamasia. Dakta akajiona yuko dirishani na koti jeupe, bibi mmoja amenyoosha kiganja, na vidonge viwili vya rangi mbili viko mbele yake. Akajiona amesimama pale, anangoja mtu akohoe.

Hofu ya kukamatwa aliijua, alikuwa ameilea mwenyewe. Hii ilikuwa nyingine. Iliingia na baridi mpaka mifupani.

Akanyoosha mkono.

Msimamizi, mwalimu mgeni kutoka shule nyingine, alikuja taratibu. "Unataka nini, kijana? Maji?"

"Mwalimu, chupa yangu ina rangi gani?"

Kicheko kilipasuka nyuma. "Dakta karukwa na akili!"

"Kimya!" Msimamizi akainama. "Siruhusiwi kukuambia. Huo ndio mtihani wenyewe."

"Basi usiniambie." Ulimi wa Dakta ulikuwa mkavu kama chaki. "Mimi siioni. Njano na chungwa siwezi kuzitenganisha. Sijawahi."

Koki za wenzake ziliacha kulia. Msimamizi alimtazama yeye, akaitazama chupa, akamrudia yeye.

"Miaka yote hii umefanyaje?"

"Niliazima macho."

"Ya nani?"

Hilo Dakta hata wangemvua ngozi asingelisema.

"Usiguse kitu," msimamizi alisema. Akaenda mlangoni alikosimama mwalimu wa kemia, maana siku hiyo mwalimu hakuruhusiwa kukaribia meza. Wakanong'onezana. Dakta aliona uso wa mwalimu wake ukibadilika polepole. Na hayo mabadiliko aliyaona vizuri sana. Kisha mwalimu akageuza shingo, akatazama dirishani, ng'ambo ya uwanja.

Tone lilikuwa bado linaning'inia kwenye bureti, limevimba, halijaamua.

Kutoka bwaloni kikohozi kilisikika, kikubwa, cha mtu aliyejaza mapafu kwanza. Kimoja tu.

Hakuna aliyecheka. Mkono wa Dakta haukwenda kwenye koki.